Mpira wa Mama Subiri

Kaka yangu alikuwa anatazama mechi, na mambo yote yaliharibikia hapo. Mama alimpigia simu kumwambia kwamba mpira umetoka. Kaka, macho kwenye televisheni, akajibu kwamba ameona, umetoka kweli. Mama akasema, "Umetoka tena, na mimi nilikuwa nimeshafunga!" Kaka akamuuliza nani kafunga. Mama akasema, "Nimefunga mimi, kwa mikono yangu miwili, nikakaza."

Hapo Kaka akapunguza sauti ya televisheni.

Mpira aliousema Mama ulikuwa ule wa mashine ya kufulia, wa kijivu, mrefu, unaopeleka maji machafu kwenye bomba la ukutani. Alikuwa ameufunga kwa kitambaa ili usichomoke, na maji yalikuwa yamefurika hata hivyo, akadhani umetoka tena; yalikuwa yametoka jikoni, yamepita chini ya mlango, yameingia sebuleni na kulowesha zulia. Alikuwa amesimama ndani ya maji, miguu mitupu, simu sikioni, na mwanawe wa kwanza anamuuliza nani kafunga. Mpaka walipokuja kuelewana, Kaka alikuwa ameshaingiwa na hofu, na hofu ikishamwingia Kaka haitoki hata uifukize.

Akanipigia mimi. "Mama anasema amefunga yeye."

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nikamwambia kama kafunga kwa mikono, refa angelikataa hilo bao. Kaka hakucheka.

"Unacheka nini? Hii si mara ya kwanza wala ya pili. Anawasha mashine, anasahau kuweka mpira kwenye bomba, maji yanajaa nyumba nzima. Na umeme uko palepale chini. Siku atakayoteleza akalala pale, nani atajua?"

"Hakusahau. Amekwambia aliufunga."

"Anasema aliufunga kwa sababu hakumbuki kwamba hakuufunga."

Hasira zilinipanda. Kaka akaendelea kwa ile sauti yake ya mtu aliyekwisha kuamua kabla ya kupiga simu. "Jumamosi mchana nakuja na pickup. Mama anahamia kwangu. Wifi yako ameshatayarisha chumba, ameweka mapazia mapya. Na wewe usianze."

Nilianza palepale. Tulirushiana maneno mpaka salio lake likaisha.

Ili uelewe kwa nini kusahau lilikuwa neno zito kwetu, lazima umjue Mama. Miaka yote ya kazi yake alikuwa mpokea simu wa hospitali. Alikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi, visikilizio vimembana kichwa, mbele yake ubao wa taa na vitundu vya kuchomekea nyaya, na kila aliyepiga simu hospitali alipita kwanza kwenye sauti yake. "Subiri kidogo, nakuunganisha." Alisema hivyo mara nyingi kiasi kwamba wafanyakazi walimbandika jina la Mama Subiri, nalo likamganda. Mpaka leo akiwa sokoni anauliza bei ya vitunguu, mtu asiyemjua kwa sura anageuka ghafla: "Samahani, wewe si Mama Subiri?" Wamemjua kwa sauti tu.

Namba zote za ndani alikuwa nazo kichwani: wodi, maabara, jikoni, gereji, chumba cha maiti. Kuna madaktari waliokuwa wakimuuliza namba za nyumbani kwao wenyewe. Ukutani palikuwa na karatasi yenye namba hizo, lakini yeye aliifunika kwa kalenda, kwa maringo tu. Alikuwa na majivuno yake, Mama, nami sikuwahi kuona ubaya wowote. Hatukuwa na mengi ya kujivunia.

Mimi ni mtoto wake wa mwisho, nauza miwani, na subira sina hata ya dawa. Nadhani yote aliimalizia kwenye simu za watu kabla sijazaliwa. Nikikaa, mguu unatikisika. Nikipanga foleni, nagombana moyoni na kila aliye mbele yangu. Mume wangu husema hata nikilala nalala kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Kwa hiyo siku zile chache kati ya simu ya Kaka na Jumamosi zilinitesa. Dukani nilimpa mteja miwani ya kusomea badala ya ile ya kuonea mbali, akatoka nje akarudi anasema mtaa mzima una ukungu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya ile mashine. Mama alijinunulia alipostaafu. Tulimpinga wote, Kaka alisema bora atengeneze paa, mimi nikasema mtu mmoja ana nguo gani za kuhitaji mashine. Mama akatuambia kwamba mikono yake imefua vya kutosha. Na kweli, ndiye aliyetufulia sare za shule kwa mkono kila alipotoka kazini, huku bado anasikia milio ya simu masikioni. Siku mashine ilipofika alifua shuka ambazo hazikuwa chafu. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya kile kidirisha cha mviringo, akatazama zinavyozunguka mwanzo hadi mwisho. Ikawa ndiyo tabia yake. Wenzake wana tamthilia zao, yeye ana mashine. Ikimaliza, anaipigapiga mgongoni kwa kiganja kuipongeza.

Jumamosi asubuhi niliingia kwake na ndoo, glavu na hasira. Mpango wangu ulikuwa mfupi: nizibue bomba kabla Kaka hajafika, nimwonyeshe maji yanashuka vizuri, na pickup irudi ilikotoka. Fundi bomba nilikuwa nimemtafuta tangu siku nilipogombana na Kaka. Kila nikimpigia yuko njiani. Asubuhi ile pia alikuwa njiani, na nyuma ya sauti yake nilisikia mtoto analia na sufuria zinagongana.

Mama alikuwa amekwisha kuvaa, hereni masikioni, amekaa kwenye meza ya jikoni wima kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Hakuwa amefungasha kitu hata kimoja. Chai ilikuwa mezani, imefunikwa.

"Kunywa chai kwanza."

"Baadaye, Mama."

"Bomba halikimbii."

"Kaka anakimbia."

Akaguna, akasimama. "Basi njoo uone kabla hujagusa kitu. Njoo uone kama mimi ni mwendawazimu." Akanivuta mpaka nyuma ya mashine, pale pembeni penye giza ambapo bomba limesimama ukutani, mdomo wake umefika usawa wa kiuno. Mpira wa kijivu ulikuwa umezama ndani ya bomba, na umefungwa kwa ukanda wa kitambaa, fundo limekazwa, ncha zimefichwa ndani kama anavyofunga yeye mafundo yake yote. "Tangu siku ile sijaugusa. Hili nani kafunga? Jini?"

Niliutazama ule mpira nikataka kulia kwa furaha. Ulikuwa mahali pake. Haukuchomoka, hakuusahau. Maji yalikuwa yamefurika kupitia mdomo wa bomba lenyewe, ukuta ulikuwa na michirizi ya sabuni mpaka chini. Kaka alikuwa amekosea, na mimi nilikuwa na ushahidi uliofungwa fundo.

Nikachomoa plagi, nikavua viatu, nikapiga magoti. Nilianzia chini ya mashine, kwenye kile kichujio chenye kifuniko cha kuzungusha, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa na jamaa mmoja dukani kwamba uchafu wote hukaa humo. Nilisahau kuweka beseni. Maji yaliyokuwa yamelala ndani ya mashine yalinimwagikia mapajani, machafu, baridi, yananuka soksi. Nikatoa pini ya nywele, kifungo, na sarafu ya zamani iliyopoteza sura. Mama alikipokea kifungo, akakifuta, akasema ni cha koti lake la kijani. Nikasafisha kichujio, nikarudisha, nikachomeka plagi, nikaijaza maji kidogo, nikajaribu kuyatoa. Mashine ikanguruma, bomba likakoroma, na maji yakapanda yakachungulia juu.

"Zima!" Mama akapiga kelele, nami nilikuwa nimeshachomoa plagi.

Nikautoa mpira, nikamimina maji ya ndoo moja kwa moja kwenye bomba. Yakajaa mpaka mdomoni, yakasimama, yananitazama. Nilirukaruka pale jikoni kama niliyeshinda bahati nasibu.

"Bomba limeziba! Mama, ni bomba! Limeziba!"

"Si nilisema?" Mama akakaa chini, akajipepea kwa mfuniko wa sufuria. "Nilimwambia. Akaniuliza nani kafunga."

Tukacheka wote wawili, safari hii kwa raha. Halafu nikatazama saa ya ukutani, raha ikaisha. Nikasukuma mashine mbele nipate nafasi, nikatafuta ile zana ya mpira yenye mpini wa mti, ya kuzibulia choo, nikasukasuka maji ndani ya bomba mpaka mabega yakawaka moto. Hakuna. Nikampigia fundi. Yuko njiani. Nikamuuliza njia ya wapi, simu ikakatika. Nikatoka uani, nikakata kipande kirefu cha waya wa kuanikia nguo, nikapinda ncha ikawa ndoana, nikarudi. Kila gari lililopita nje nililisikia kama pickup. Niliusukuma waya ndani ya bomba, ukateremka, ukateremka, kisha ukagusa kitu. Hakikuwa kigumu. Kilikuwa kitu cha kudunda, chenye kubonyea.

"Kuna nini?" Mama akauliza.

"Uchafu. Subiri kidogo."

"Hilo ni neno langu," akasema.

Nilizungusha waya, nikavuta, ukateleza. Nikazungusha tena. Mara ya tatu uling'ang'ania, nami nikavuta kwa nguvu zangu zote, mguu nimeuegemeza ukutani, mpaka kikatoka kwa sauti ambayo sitaieleza, huenda mtu anakula. Kilikuwa kitambaa. Kimesokotwa, kimevimba, kimevaa utelezi mweusi. Nikakitupa kwenye ndoo, nikakikoroga, rangi ikaanza kurudi: maua ya njano. Nililijua lile shuka. Lilikuwa la kitanda changu nilipokuwa msichana.

Nikarudisha waya. Kikatoka kingine, chenye mistari ya bluu, pajama za Kaka za zamani. Kikatoka cha tatu, kilikuwa taulo. Cha nne sikukijua. Bomba lile lilikuwa limemeza nguo za ukoo mzima. Na wakati nazitoa nilikuwa nakumbuka, bila kutaka kukumbuka, kwamba kwa muda mrefu Mama alikuwa akilalamika kuwa matambara yake yanapotea. Alimshuku jirani wa ukuta wa pili. Alinishuku hata mimi. Nilimletea mfuko mzima wa nguo kuukuu akate mengine, ili tu yaishe.

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono mdomoni.

"Mama, hivi ni nini?"

"Vizibo," akasema.

Akaeleza polepole, kila neno akilitafuta. Mende hupanda kutoka kwenye lile bomba. Kwa hiyo akimaliza kufua huutoa mpira, anausimamisha pembeni, na anaziba mdomo wa bomba kwa tambara alilolisokota. Siku ya kufua anatoa tambara, anarudisha mpira, anafunga. Ndivyo anavyofanya siku zote, akasema, na ndivyo mtu yeyote mwenye mende angefanya.

"Natoa kizibo," akarudia, "halafu narudisha mpira." Akaitazama ndoo. "Inatakiwa nitoe kizibo."

Nikaelewa. Pale nyuma ni giza, mtu anafanya kwa kupapasa. Alikuwa anausukuma mpira ndani ya bomba na kizibo bado kimo, mpira unakisukuma kizibo chini. Siku akimaliza kufua anatafuta kizibo chake hakioni, anakata kingine. Safari iliyofuata nacho kikaenda. Mpira alikuwa anaufunga kweli, tena vizuri, na maji hayakuwa na pa kwenda.

Mama akainama, akavitoa vile vitambaa kimoja kimoja, akavikamua, akavipanga ukingoni mwa sinki. Nilitamani asifanye hivyo. "Hiki nakumbuka nilipokikata," akasema. "Hiki nacho. Hiki sikijui kabisa. Nani alikata hili taulo?"

Niliogopa. Sitajifanya sikuogopa. Niliogopa kuliko siku ile nilipompoteza mwanangu sokoni, kwa sababu siku ile nilijua kwa kukimbilia. Nikaanza kuongea haraka haraka, kama kawaida yangu. Nikamwambia kila mtu anasahau. Nikamwambia mimi muuza miwani natafuta miwani yangu mwenyewe na nimeivaa.

"Wewe unasahau miwani," Mama akasema. "Mimi nilisahau, halafu nikasahau kwamba nimesahau. Nikamsingizia jirani wa watu."

"Kaka hana haja ya kujua."

Nikavikusanya vile vitambaa, nikavitia kwenye mfuko wa plastiki, nikafunga, nikatoka nao mbio mpaka kwenye pipa la nje, nikavifukia chini ya maganda. Niliporudi nilikuwa na hadithi kamili. "Tutamwambia ni nyuzi. Nyuzi za nguo na mabaki ya sabuni. Kila bomba lina nyuzi, hata akimuuliza fundi atamwambia hivyo hivyo. Sawa, Mama?" Hakusema sawa wala si sawa. Alichukua dekio akaanza kukausha sakafu, nami nikahesabu kwamba amekubali.

Pickup ikasimama nje.

Kaka aliingia na shati la kazini ingawa ilikuwa Jumamosi, nyuma yake dereva mwenye kamba begani. Kaka si mtu mbaya, na lazima nimtendee haki. Ni mtu anayerudi nusu ya safari kuhakikisha kama amezima pasi. Alimsalimu Mama kwa mikono miwili, akamuuliza amelalaje, akaacha macho yake yazunguke jikoni: mashine imesukumwa katikati, waya sakafuni, mimi nimelowa mpaka kiunoni.

"Mmeshafungasha?"

"Hatufungashi kitu," nikasema. "Njoo uone kwanza."

Niliingiza mpira kwenye bomba, nikachomeka plagi, nikaiamuru mashine itoe maji. Ikanguruma. Maji yakashuka ndani ya bomba kwa mlio mmoja mzito, bila kukoroma, bila kupanda, mpaka tukayasikia yakiangukia kwenye chemba ya maji machafu kule uani. Nikaijaza nikarudia. Kaka alipiga magoti na suruali yake nzuri, akaweka kiganja kwenye bomba, akasikiliza. Nikaona mabega yake yanateremka. Kumbe na yeye alikuwa anaomba awe amekosea. Hilo sikulitegemea, nikamwonea huruma, na kumwonea huruma katikati ya ugomvi kulinichanganya.

"Kumbe ni bomba," akasema.

"Ni bomba."

"Liliziba na nini?"

"Nyuzi."

"Nyuzi tu?"

"Nyuzi na sabuni. Zile nyuzi za mataulo zinashikana, zinakuwa kama sufi, zinakaa kwenye kona ya bomba. Nimetoa nyingi hivi." Nikaonyesha kwa mikono. Uongo wangu ukishaanza nao hauna subira.

"Muongo huyo," Mama akasema.

Alikuwa ameegemea sinki, dekio bado mkononi. "Usimsikilize. Ilikuwa mimi. Nilikuwa naziba bomba kwa matambara kwa ajili ya mende, nasahau kuyatoa, nafua juu yake. Mdogo wako ameyatupa kwenye pipa. Nenda ukaone, moja ni pajama zako."

Dereva alitazama kamba yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Mimi damu ilinichemka, nikataka kumpigia Mama kelele kwamba nimelowa bure, nimeinama tangu asubuhi bure, na yeye mwenyewe anajitoa kafara kwa maneno mawili matatu. Kaka alisimama, magoti yamelowa. Nilingoja aseme si nilikwambia. Hakusema. Alikuwa ameshinda, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa.

"Basi, Mama," akasema taratibu. "Ndiyo maana nimekuja."

"Najua. Kaa, baba, kunywa chai."

"Mama, si suala la chai. Ukianguka humu ndani? Nakupigia usiku hupokei, mimi silali."

"Sipokei kwa sababu nimepokea za kutosha." Akamvutia kiti, na Kaka, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, akakaa. "Nisikilize. Nitasahau. Nimeanza, na nitaendelea, wala sitakudanganya. Lakini kwako nitakuwa nasahau vitu vya watu. Nitaamka nisijue choo kiko wapi, niulize watoto. Hapa mkono wangu unajua swichi ilipo, mimi mwenyewe nisipojua. Acha nisahau nikiwa kwangu."

"Na maji?"

"Maji yanatoka wapi?"

"Kwenye mashine."

"Umekuja na gari la kubebea vitu. Libebe."

Kaka hakuelewa. Mimi nilielewa, nikasema, "Mama, hapana. Nimeshaitengeneza! Inafanya kazi!"

"Ndiyo vizuri, atapata mashine nzima." Akamgeukia Kaka, sauti ile ile iliyounganisha hospitali nzima, haikutetemeka hata kidogo. "Nguo zangu mtanifulia kwako, mtaniletea. Za ndani nitafua mwenyewe. Mashine ikiondoka maji hayatakuwepo, na wewe utalala. Mimi sijamwagika popote, kwa nini nibebwe mimi?"

Kaka alinitazama mimi. Akatazama mashine, akamtazama Mama, na nadhani alikuwa anapima kipi kati ya vile viwili kingemgharimu usingizi zaidi. Halafu akakunja mikono ya shati.

Waliibeba yeye na dereva. Ilikuwa nzito kuliko walivyodhani, waliipumzisha mlangoni, wakaipumzisha tena kwenye ngazi. Mama aliwafuata mpaka nje akiwaelekeza waisimamishe wima, wasiilaze, itaharibika ndani. Ilipokwisha kufungwa kamba aliipigapiga mgongoni kwa kiganja. Kisha akaingia ndani kabla gari halijaondoka. Kaka alibaki ameshika mlango wa pickup, akaniambia niwe nakuja mara nyingi zaidi, na mimi nikasema ndiyo, na hatukugombana. Fundi bomba alipiga simu kusema yuko njiani. Nikamwambia ageuze.

Jikoni palibaki nafasi ya mraba, yenye vumbi na kibanio cha nguo kimoja. Mama alikuwa anapafagia. Nilikunywa ile chai, ilikuwa imepoa, nikaimaliza nikiwa nimesimama kwa sababu kukaa nilishindwa. Macho yangu hayakutulia. Nilitazama jiko la gesi na kile kiberiti kando yake. Nilitazama birika la umeme. Nilitazama ngazi za mlango wa nyuma, funguo kwenye msumari, kisu. Nilikuwa najiuliza kipi kitafuata, na baada ya hicho kipi, na Kaka atakuja na pickup mara ngapi kabla vitu vya kutoa havijaisha. Nikasimamisha macho kwenye pasi iliyokuwa juu ya kabati, waya wake umezungushwa vizuri.

Mama hakuwa ameinua kichwa kutoka kwenye ufagio.

"Hiyo pasi siitoi," akasema.